Jiwe Nililomwahidi Mungu

Jumamosi, jioni. Upepo umetulia sasa hivi, vumbi bado liko hewani.

Bwana asifiwe, wewe unayenisoma. Hujambo huko uliko? Wa nyumbani kwako hawajambo? Kama kuna anayeumwa, Mungu amguse. Kama mmeshinda salama wote, basi nashukuru pamoja nanyi, maana leo shukrani zangu mwenyewe zimekuwa chache.

Sisi tunaendelea. Nimechoka tu.

Si uchovu wa nyundo. Ule naujua, ukilala unapungua. Huu wa leo umekaa kifuani. Hata ugali sijasonga mimi, amesonga Naomi, na mimi nimekula kidogo kwa adabu tu ili asiniulize.

Kwa wewe uliyefika humu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mama wa makamo, mjane, nagonga kokoto hapa karibu na Ziwa Singidani. Shule niliishia darasa la saba. Naomi ni kitinda mimba wangu, amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Ukurasa huu alinifungulia yeye kwenye simu. Alisema, "Mama, andika humu, maana ukimsimulia Mama Yona, mtaa wote unajua kabla hujarudi nyumbani." Tulikubaliana kwamba yeye hatasoma. Naamini hasomi.

Nianze na jiwe lenyewe.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe. Najua mtu wa Singida atacheka, nani hapa hana jiwe? Lakini hili ni kubwa kuliko nyumba, na limekaa peke yake kama mtu aliyegombana na wenzake. Upande wa nyuma limelala, hata mbuzi anapanda. Upande unaotazama ziwa limesimama wima, halafu juu limejitokeza mbele kama paji la uso. Marehemu mume wangu alikuwa akilitazama anasema, "Hili ni la uzeeni." Maana yake, siku nguvu za kwenda kule mlimani tunakogonga zikituishia, tutachoma hili la kwetu lipasuke na kugonga kokoto mlangoni.

Halafu wakaja wale vijana na magodoro.

Walitokea Arusha, wamechanganyika na wazungu, kila mmoja ana godoro limekunjwa mgongoni. Nikajua wamekosa nyumba ya kulala wageni mjini. Mmoja akanisogelea. "Shikamoo mama. Tunaomba kupanda jiwe lako."

"Marahaba. Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Sasa mnafuata nini?"

Wakacheka wote, hata wazungu ambao nadhani hawakuelewa. Nikawaruhusu. Wakatandika magodoro chini, wakajipaka unga mweupe mikononi, mimi nikadhani ni sembe, nikaona ni dhambi. Wakaanza kupanda bila kamba. Mtu anapanda kidogo, anaanguka kwenye godoro, anakaa analitazama jiwe vile ambavyo mtoto anatazama hesabu iliyomshinda, anarudi tena. Kutwa nzima. Naomi alisimama mlango wa jiko na mwiko mkononi mpaka mboga ikaungua.

Walipoondoka walimwachia godoro moja lililochakaa na viatu vya mpira vinavyobana kama adhabu. Tangu hapo kila Jumamosi mchana wanakuja vijana wenzake kutoka mjini, wasichana na wavulana, wanapanda, wanaanguka, wanacheka.

Watu hawakuninyamazia. Mama Yona, ambaye tunagonga naye kokoto na tunaimba naye katika umoja wa akina mama, alinikuta kisimani akasema kwa sauti, "Mama Naomi, wenzio wanamtafutia binti yako mchumba, yeye yuko kwenye mawe anatafuta pimbi." Kisima kizima kikacheka. Jina likamkaa. Akipita, watoto wanaita, "Pimbi! Pimbi!" Yeye anawageukia. "Ndiyo mimi. Mmeshawahi kuona pimbi ameanguka?"

Suruali nilimkatalia. Halafu nikamwona anapanda na sketi, nikaenda mwenyewe mnadani kumtafutia suruali.

Kila njia ya kulipanda lile jiwe wameipa jina. Ile ya kwanza Naomi kuimaliza inaitwa Mama Kasema Shuka. Nilisema kweli. Nilisema mpaka koo likakauka.

Lakini upande unaotazama ziwa hakuna aliyeuweza. Hata wale wa Arusha walishindwa. Naomi aliuanza tangu tulipomaliza kuvuna uwele. Anapanda vizuri mpaka chini ya lile paji, anajinyoosha, mkono unakwenda juu kupapasa, anatafuta pa kushika, hapaoni, anaanguka. Mimi nakaa pale pembeni na nyundo yangu. Nikwambie ukweli: nilifika mahali, mkono wake ukienda juu, nyundo yangu inasimama yenyewe. Nilikuwa namwombea. Sijui kama inafaa kumsumbua Mungu kwa jambo la mtu kupanda jiwe na kushuka. Nilimsumbua.

Sasa nije kwenye kanisa.

Tunajenga kanisa jipya, la zamani limekuwa dogo. Msingi unataka kokoto. Wewe unajua siku ya ahadi inavyokuwa: unasimama mbele, unasema kwa kinywa chako mwenyewe, watu wanaitikia Amina, na hicho kitu kuanzia hapo si chako tena. Mmoja akatoa mbuzi. Mwingine gunia la alizeti. Mwingine bati. Mimi nilikuwa nimepanga kusema ndoo kadhaa za kokoto, nirudi kukaa. Lakini kwaya ilikuwa inaimba, na Zakayo, mwalimu wa kwaya, siku hiyo aliwapandisha sauti mpaka nikasikia nywele zinasisimka. Nikafika mbele. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Namtolea Bwana lile jiwe la nyuma ya nyumba yangu. Lote."

Vigelegele! Mama Yona alirusha kanga juu. Mzee wa kanisa akasimama kunipigia makofi.

Nikatazama upande wa kwaya, ambako Naomi huimba. Midomo yote ilikuwa wazi, wa Naomi umefungwa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasubiri aanze kunigombeza. Alisema tu, "Umetoa vizuri, Mama." Siku zikapita. Ikabidi mimi mwenyewe nimchokoze. "Naomi, na ile njia yako?"

"Umeshamwambia Mungu, Mama. Mimi nitamwambia nini tena?"

Angepiga kelele ningejua cha kumjibu. Ningemwambia habari za heshima, habari za mama yake na nyundo, habari za baba yake. Hakunipa nafasi.

Zakayo alipanga kwaya ije Jumamosi hii kunisaidia kuchoma, maana kazi ya kuchoma jiwe kubwa si ya mwanamke mmoja. Unapanga kuni chini ya jiwe na juu yake, unawasha, unaacha moto ule mpaka jiwe liive. Likiiva, unamwagia maji. Hapo ndipo linapopasuka. Ukishafanya kazi hii miaka mingi kama mimi, hata ukiamshwa usingizini utasema: moto, subiri, maji.

Kumbuka hilo. Maji ndiyo yanayopasua.

Wiki hii Naomi alipanda kila jioni. Peke yake, hakuwaita hata wenzake. Ngozi ya vidole ikatoka, akafunga plasta. Juzi akaja kukaa karibu yangu, akachukua nyundo na kile kipande cha mpira tunachozungushia jiwe lisiruke, akaanza kunisaidia na vidole vile vile. Nikamwambia, "Pumzika basi, mwanangu."

"Nina mpaka Jumamosi," akasema.

Nikaendelea kugonga.

Jana nikaenda kwa Mzee Petro, ndiye mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Nilimkuta anachambua mbegu za alizeti. Nikamwamkia, nikamweleza. Nikamuuliza kama mtu aliyeahidi jiwe hili anaweza kuleta kokoto za mawe mengine, kiasi kile kile au zaidi. Shambani kwangu mawe madogo yapo, yametapakaa, ni kuyaokota tu moja moja na kuyabeba kichwani. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini yapo.

Akapepeta mara mbili tatu. Halafu akasema, "Mama Naomi, ile ahadi ni yako na Mungu. Mimi nilipiga makofi tu."

"Mzee, ndiyo nakuuliza. Atakasirika?"

"Msingi ukijaa kokoto, mimi sitakwenda kuuliza zimetoka jiwe gani. Yeye sijui. Kaombe."

Nikaomba. Na leo nilipoamka moyo ulikuwa mwepesi. Nikasema nitaokota mawe ya shambani hata kama itanichukua mpaka masika. Jiwe la nyuma ya nyumba libaki. Sikumwambia Naomi. Nilitaka kwanza niwazuie wanakwaya, ndipo nimpe habari ikiwa imekamilika, nimwone uso. Labda huo ulikuwa ubinafsi.

Simu ya Zakayo haikupatikana. Nikajifunga kanga, nikashika barabara kubwa kwenda kwao. Nikamkuta mama yake anafagia uwanja.

"Mbona wameshakwenda kwako, Mama Naomi? Walitaka moto ushike kabla upepo haujaamka. Wamepita na mkokoteni njia ya ziwani."

Nikageuka. Huyu mama aliniita ninywe hata uji, sikuitikia.

Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Nilipotokea kwenye kona ya duka nikaona moshi. Hautoki jikoni kwangu. Unatoka nyuma ya nyumba, mnene, na upepo umeshaanza kuulaza kuelekea ziwani, mpaka ndege heroe waliokuwa kwenye maji wameruka wote.

Nikaingia uwanjani. Wanakwaya wamekaa kivulini wanakula mihogo, wanaimba kidogo kidogo. Moto umekwisha kukolea, umeegemea ule upande uliosimama, ukuta umekuwa mweusi mpaka juu kwenye paji. Na nani anaongeza kuni? Naomi. Binti yangu mwenyewe, kanga kichwani, plasta vidoleni, anachukua gogo kutoka kwenye mkokoteni, analisogeza kwenye moto taratibu, anarudi kuchukua lingine. Godoro lake alikuwa ameshalitoa, ameliegemeza kwenye ukuta wa jiko lisiungue.

Ningesema "zimeni" labda wangenisikia. Sikuwa na pumzi. Nilichoona ni moto unaomlia mwanangu jiwe lake, na mlangoni pangu pana ndoo mbili zimejaa. Nikabeba ya kwanza nikamwaga. Zakayo akapiga kelele, "Mama, bado! Mama!" Nikabeba ya pili.

Mtu anayeona moto anachukua maji. Hata mtoto anajua. Lakini mimi mgonga kokoto, mimi niliyekwambia hapo juu moto, subiri, maji, mimi ndiye niliyemwaga.

Mlio wake ulikuwa kama radi iliyopiga ndani ya nyumba. Zakayo alinivuta mkono nikaanguka naye. Ule upande wote unaotazama ziwa ukaachia. Haukuanguka kwa haraka, uliteleza kwanza, kama mtu anayevua koti, halafu ukashuka na paji lake lote juu ya moto. Vumbi, moshi, mvuke, hatuonani.



Halafu kwaya ikalipuka. "Aisee! Mama Naomi fundi!" Zakayo anajifuta vumbi anacheka. "Sisi tungekaa hapa mpaka jua lizame! Mama kaja, ndoo mbili, kwisha habari!" Mwingine akasema, "Ndiyo maana ya kuwa na wataalamu kanisani." Wakaanza wimbo, wengine wanacheza palepale kwenye vumbi. Mama Yona akatokea na vigelegele kutoka kwake, akanikumbatia. "Bwana amekutia nguvu, shoga yangu! Nilisema mimi, huyu hatarudi nyuma!"

Nikasimama na ndoo tupu. Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu. Nini kingine ningefanya mbele ya watu wanaomsifu Mungu kwa ajili yangu?

Naomi hakucheza. Wala hakulia. Alikwenda kuchukua nyundo, akakaa kwenye jiwe dogo, akavuta kipande kilichopoa, akakizungushia mpira, akaanza kugonga. Aliendelea kugonga mpaka wanakwaya walipoondoka.

Kilichobaki cha jiwe bado kimesimama. Mama Kasema Shuka ipo, na ule upande wa mbuzi upo. Zakayo amesema wakirudi Jumatatu watakitazama, na akaongeza kwamba kokoto za leo pekee huenda zikatosha msingi. Mimi masikio yalikuwa kwa Naomi. Ule upande aliokuwa anautaka yeye umeshakuwa lundo. Sasa hatajua kama juu ya lile paji palikuwa na pa kushika au hapakuwa.

Jioni, wakati anasonga ugali, alisema bila kunitazama, "Mama, ulimwaga mapema. Jiwe lilikuwa halijaiva."

Yeye ni mtoto wa wagonga kokoto. Amekua kati ya mawe yanayopasuka. Anajua fundi hamwagi mapema.

Nikasema, "Ndiyo."

Akasimamisha mwiko. Akasubiri. Nilimwona anasubiri.

Nikainuka nikaenda kufungia kuku.

Tangu hapo nimekaa hapa nje mpaka giza limeingia, ziwa silioni, nasikia tu. Nimejaribu kuomba, maneno yanarudi. Nimwambie nini Mungu? Nikisema nilimwaga ili kuzima, basi nilikuwa namnyang'anya nilichompa, na amenijibu mbele ya watu. Nikisema nilimwaga ili kupasua, ni uongo, na anajua. Pengine hakuwa na hasira yoyote. Pengine alichukua nusu, akaniachia nusu, nami sina akili ya kuona. Sijui. Nimechoka kutafuta.

Ninalolijua ni hili. Kesho ibadani wataniita mbele. Zakayo ameniambia kabisa nijiandae, watanishukuru, na kwaya itaimba. Naomi atakuwa amesimama pale kwenye kwaya, ananitazama nashukuriwa kwa zile ndoo mbili. Nikikubali kushukuriwa kabla sijamwambia, naona hata nikija kumwambia baadaye haitakuwa tena na maana.

Kiwanja ni changu, hati ya kijiji ina jina la mume wangu. Kwa hiyo nilidhani jiwe ni langu kulitoa. Sikumuuliza. Ndani ya kanisa lile lililojaa watu, mwenye kulijua lile jiwe kwa mikono alikuwa mmoja tu, na amesimama hatua chache kutoka kwangu. Sikugeuka hata kumtazama kabla sijafungua mdomo.

Nimeamua nimwambie kesho asubuhi, kabla hatujavaa nguo za kanisani. Nitamwambia nilikwenda kwa Mzee Petro, nilikwenda kwa kina Zakayo, nilikimbia, na yale maji yalikuwa ya kuzima moto. Maneno ni machache, lakini nikiyapanga kichwani yananitia hofu, maana yanasikika kama ya kubuni. Nani duniani atakubali kwamba mgonga kokoto alisahau kazi ya maji?

Usinijibu kwamba Naomi atasoma humu mwenyewe. Hasomi, na sitaki alijue jambo hili kwenye simu wakati mama yake analala chumba cha pili.

Nakuomba jambo moja tu, ndugu yangu. Kama una watoto, au wewe ni mtoto wa mtu, niandikie leo hii hii, hata neno moja, nilikute nikiamka: ungekuwa wewe ndiye Naomi, ungeniamini?